Behewa la Jioni la Kwemsala

Reli ya mkonge iliishia Kwemsala, na hapakuwa na mtu aliyejua kwa nini. Ilitoka kwenye karakana ya shamba, jirani na Korogwe, ikavuka mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani, ikapita katikati ya mkonge wa zamani na mkonge mpya, ikaingia upande wa Handeni, halafu ikasimama tu mbele ya mpera, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kufanya. Mkonge wa Kwemsala wenyewe ulikufa kabla ya Vita ya Pili ya Dunia. Reli ikabaki. Asubuhi za baridi mbuzi walilala juu ya chuma kuota jua, na wenye mbuzi hawakuwafukuza, maana hakuna kilichopita hapo.

Abdi alioa huko. Baba yake alitoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkonge, akapewa kipande cha kazi na chumba kambini, akaishi katika chumba hicho mpaka akafa ndani yake. Abdi alizaliwa humo. Alikuwa seremala wa karakana, fundi mzuri, lakini mwenye tabia ya kuzama mawazoni huku nyundo iko hewani. Mke wake, Mashavu, alikuwa Mzigua wa Kwemsala, na siku ya posa alitoa neno moja tu: "Kambini silali." Abdi alidhani ni maringo ya bibi harusi. Hayakuwa maringo. Mashavu alikwenda kambini mara moja, akaona vyumba vilivyojengwa mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja kwa familia mbili, ukikohoa jirani anakuambia pole. Akachukua kanga yake akarudi kwa mama yake.

Kwa hiyo Abdi alikuwa mume wa Jumamosi. Siku za kazi king'ora kilimkuta karakana alfajiri na kumwachia jua likizama, na njia ya Kwemsala ilipita kwenye pori la nyati, si njia ya mtu peke yake gizani. Alilala kambini. Jumamosi alikwenda, Jumapili alirudi. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Chausiku. Alipoanza kutambua sura za watu, alimtambua bibi yake, akamtambua mama yake, akamtambua hata jogoo. Jumamosi moja Abdi alimnyanyua, naye akapiga kelele kama ameokotwa na mwizi.

"Usimlaumu," alisema Mashavu, akimchukua. "Analilia mgeni."

"Mimi ni baba yake."

"Mwambie yeye, si mimi." Akamtuliza mtoto kwanza, ndipo akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nisikilize, Abdi. Nimechoka kupika daku peke yangu kama mjane. Mwezi wa Ramadhani ukiandama nawe bado unalala kambini, basi lala huko huko moja kwa moja. Nitakutumia mkeka wako."

Ilikuwa Rajabu, Ramadhani iko miezi miwili mbele. Abdi alirudi kazini Jumapili ile akitazama miguu yake mwenyewe njia nzima.

Karakana ilikuwa na Mzungu mgeni wakati huo, Kazimiri, fundi mitambo, Mpolandi. Watu wake walishushwa melini Tanga wakati wa vita, wakapandishwa treni. Treni ilisimama Korogwe, watu wa Korogwe wakawaona Wazungu waliokonda kuliko manamba, watoto wamenyolewa vichwa, wakawapelekea ndizi dirishani bila kuwauliza kitu. Wengi walikwenda kambi ya wakimbizi karibu na Arusha. Vita ilipokwisha Kazimiri hakuwa na pa kurudi, akaomba kazi kwenye mkonge. Alikuwa mwembamba, mkimya mbele ya Wazungu wenzake, lakini mbele ya chuma na mafuta alisema sana. Na alipenda kusema juu ya mji wake.

Mji wake uliitwa Grodzisk. Karakana nzima iliuita Gorojisi, naye hakukataa.

"Zamani, mji mdogo," alisema, akisugua bomba. "Soko, kanisa, matope. Jina la mji unalo miaka mia nne, lakini tajiri hakuna. Halafu reli inakuja. Reli ya kutoka Warshawa kwenda Vienna. Ya kwanza kabisa kwetu. Siku ya kwanza inafika wapi? Inafika Gorojisi."

"Ikaishia hapo?" aliuliza Abdi.

"Kwa muda. Halafu ikaendelea."

Abdi aliweka randa chini. Kumbe reli inaweza kuishia mahali, kisha ikaendelea.

Kila siku alipata kipande kingine. Kwamba baadaye ilikuja reli ya pili, ndogo, ya umeme, inapita katikati ya bustani za matunda na msitu, na behewa lake halina moshi wala moto, linakuja kimya kama paka. Kwamba watu wa Gorojisi wanafanya kazi Warshawa, mji mkubwa, lakini hawalali huko. Asubuhi wanapanda. Jioni wanarudi kwao, wanakula kwao, wanalala kwao.

"Wote?"

"Wote. Mji wa kulala, Abdi. Mchana utaona bibi na paka tu. Jioni treni inafika, mji unajaa."

Abdi alibeba maneno hayo mpaka chumbani kambini. Alilala chali akaiona Gorojisi, ingawa aliiona kwa macho ya mtu wa Korogwe. Theluji aliipaka weupe wa singa, zile nyuzi za mkonge zilizoanikwa kwenye waya. Msitu aliutoa Vugiri, kule juu milimani, na ukungu wake. Treni ya umeme ilipita bila kugusa kitu, madirisha yake yana taa, na katika kila dirisha mwanamume anayerudi nyumbani. Nyuma ya ukuta jirani yake akakohoa. "Pole," alisema Abdi, akarudi kwenye treni.

Yeye ndiye aliyetamka. Siku moja, Kazimiri akiwa chini ya kichwa cha treni ya mkonge, Abdi aliinama akamwambia kupitia vyuma: "Bwana Kazimiri, reli ya Kwemsala bado nzima."

Halafu ule uso mrefu ukatoka, umejaa masizi, macho yanang'aa.

Meneja wa shamba hakuwa mtu mbaya wala mwema. Alikuwa na upungufu wa watu, kwa sababu baada ya vita vijana hawakutaka tena kuja kuwa manamba, na Kazimiri akamwambia kwamba kule mwisho wa reli kuna kijiji kizima cha watu ambao wangefanya kazi kama wangelala kwao. Meneja akatoa behewa moja bovu na ruhusa ya kuni.

"Lakini likienda tupu nalirudisha kubeba mkonge," alisema. "Sitachoma kuni kubeba upepo."

Ikawa Shaabani. Kazimiri na Abdi walilitengeneza behewa lile kwa furaha ya watu wanaojenga nyumba yao. Kazimiri alichora kwa chaki sakafuni jinsi mabehewa ya kwao yalivyo, mabenchi mawili mawili, yanatazamana, abiria uso kwa uso, na Abdi akayapigilia hivyo hivyo. Alipiga randa mpaka mbao zikawa laini kama shavu. Ponsiano, mkata mkonge, Mnyamwezi wa kambini mwenye mdomo usio na mlango, alisimama kuangalia.

"Mnajenga msikiti au choo?" aliuliza.

"Treni ya Gorojisi," alisema Abdi.

"Haya. Na mimi nitapanda, nikale upepo."

Jioni ya kwanza watu wengi walijitokeza. Wanawake wa Kwemsala waliokuwa wakija kuanika singa, ambao siku nyingine humaliza ngwe zao mchana na kuondoka kwa miguu jua likiwa bado juu, walingoja. Vijana wao wa korona, mashine ya kusaga majani, walingoja. Abdi alipanda wa kwanza, akakaa kwenye benchi lake, akapapasa ubao. Moyo wake ulikuwa umeshafika kwa mkewe. Akainua macho, akaona mguu ukikanyaga ngazi, na juu ya mguu kanga anayoijua, na juu ya kanga uso ambao hatakiwi kuutazama.

Mwaija. Mama mkwe wake. Na nafasi iliyobaki ilikuwa mbele yake, magoti kwa magoti.

Kwa Wazigua mkwe ni moto. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye sahani moja, hakai naye mkeka mmoja. Wakikutana njiani, kijana anaacha njia, anaingia majanini mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima, na Abdi, ambaye hakuzaliwa nayo, aliishika kuliko waliozaliwa nayo, kama wafanyavyo wageni. Na bado alikuwa amekaa wiki nzima akipigilia mabenchi ya kutazamana, na akili yake ikiwa Poland, asijiulize hata mara moja ni nani atakayeyakalia.

Aliruka upande wa pili. Aliangukia kwenye mkonge, mwiba ukaingia pajani. Upande huu Mwaija naye alikuwa ameshageuka, kanga usoni, anashuka kinyumenyume akimkanyaga aliyemfuata. Na hapo kila mtu akaona kilichokuwa mbele yake. Mzee Mdoe alikuwa anatazamana na mke wa mwanawe. Kijana wa korona alikuwa magotini pa shangazi wa mchumba wake. Kwemsala ni kijiji kidogo, kila mtu ni mkwe wa mtu. Behewa likamwagika pande zote mbili kama gunia lililopasuka, bila kelele, kila mtu akijifanya amekumbuka jambo.

Alibaki Ponsiano peke yake, amenyoosha miguu kwenye benchi la mbele.

"Twende!" alimwambia dereva. "Chifu amekaa!"

Jioni ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Wanawake walirudia kuondoka mchana kwa miguu. Abdi alibaki kambini, kwa sababu mkwe habebwi huku mama mkwe anatembea, na kama mmoja wao ni lazima akose behewa, mdogo ndiye anayekosa. Treni ilikwenda Kwemsala na Ponsiano na upepo, ikarudi na Ponsiano na upepo. Meneja alisimama barazani akaitazama, mikono nyuma.

"Abdi," alisema Kazimiri, "kwa nini watu hakuna? Mabenchi mabaya?"

"Mazuri, bwana."

"Wanaogopa?"

"Wanaogopa kidogo." Mambo ya mkwe hayasemwi. Ukiyasema ni kama umeshamtazama.

Lakini Ponsiano aliyasema, kwa sababu Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani haoni aibu kusema. Mchana mmoja Mwaija alikuwa akipita karakana kurudi kwake, Ponsiano akamfokea kutoka mlangoni: "Bibi wee! Miguu hiyo itaisha, utafika kwako kwa magoti! Panda treni!"

"Nyamaza, mbeba mizigo!" Mwaija alijibu bila kusimama. "Babu yako alibeba pembe mpaka pwani akaisha shingo, leo mjukuu unabebwa wewe kama pembe. Huoni haya?"

"Sioni! Mwenye haya ni huyu mkweo humu ndani, amejificha nyuma ya pipa!"

Mwaija alifunika uso akaongeza mwendo. Abdi alitoka nyuma ya pipa. Kazimiri aliangalia pipa, akamwangalia Abdi, akamwangalia mama anayekimbia, akataka kuelezwa. Ponsiano akamweleza yote, kwa mikono na kwa maigizo, akiigiza Mwaija na akiigiza mwiba.

Kazimiri alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamwisha polepole, akabaki ameshika kofia.

"Gorojisi," alisema, "mimi kwenye treni nakaa mbele ya mtu mmoja, miaka mingi. Masharubu, kofia ya kahawia. Kila asubuhi. Magoti yake hapa, magoti yangu hapa. Jina lake sijui."

"Hamkusalimiana?"

"Yeye anafungua gazeti. Mimi nafungua gazeti. Nyumba mbili za karatasi."

"Alikuwa mkweo," alisema Ponsiano.

"Labda." Kazimiri aligeuzageuza kofia. "Vita ilipoanza, asubuhi moja yeye hayupo. Nafasi tupu. Nataka kuuliza, yuko wapi? Lakini nitauliza vipi? Jina sijui. Sauti yake sijui. Kikohozi chake tu ninajua."

Nje korona ilinyamaza. Waliisikia karakana inavyopoa, bati likilia kidogo kidogo.

"Gazeti hatuna," alisema Ponsiano. "Mfunike mama gunia."

Abdi hakucheka. Neno kikohozi lilikuwa limemshika. Alimfikiria jirani yake wa kambini, yule wa nyuma ya ukuta. Uso wake angeweza kuusahau sokoni, lakini alijua akilala, akiamka, akigombana na mkewe, akiswali. Maisha yao yote walikuwa wameishi umbali wa tofali moja, mgongo kwa mgongo, na hawajawahi kuoneana haya. Kile chumba ambacho Mashavu alikikimbia.

Alisimama akachukua tindo.

"Unabomoa?" aliuliza Kazimiri.

"Nageuza."

Waling'oa mabenchi yote. Wakayapigilia katikati ya behewa kutoka mwanzo mpaka mwisho, yamepeana migongo, na katikati yake ubao mmoja mrefu unaofika juu ya kichwa cha mtu mzima. Wakakata mbao za kuta za behewa, pande zote mbili, pakawa wazi. Aliyekaa upande huu angetazama milima ya Usambara njia nzima. Aliyekaa upande ule angetazama Handeni. Hakuna aliyetazama mtu.

Kazi ilikwisha siku ambayo jioni yake mwezi ulikuwa unatazamiwa. Meneja alipita, akaona behewa, akauliza kama sasa mtu hata kuzungumza hawezi.

"Usiku huu wa mwisho," alimwambia Kazimiri. "Kesho mkonge."

King'ora kililia. Safari hii Abdi hakupanda wa kwanza. Alisimama mbali, nyuma ya kichwa cha treni, akitazama chini. Wanawake walikuwa wamesikia, wakangoja tena, lakini hakuna aliyesogea. Walitazama behewa kama mbuzi anavyotazama zizi jipya. Ponsiano alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga.

Mwaija alitoka katikati yao. Alilizunguka behewa lote, akagonga ubao wa katikati kwa kifundo cha kidole, akainama kuona kama una tundu. Hauna. Akajivuta juu upande wa milima, akakaa, akapanga kanga yake magotini, akatazama mbele. Milima ilikuwa pale, mbali, rangi ya majivu, imeelea juu ya ukungu wa mto.

"Haya," aliwaambia wenzake, "mnangoja kubebwa mgongoni?"

Wakapanda. Wakwe walijigawa wenyewe bila kuambiwa, wakubwa milimani, wadogo Handeni, na Mzee Mdoe akakohoa kwa heshima kabla ya kukaa ili mke wa mwanawe ajue yuko wapi. Meneja alikuwa barazani. Alitazama mpaka nafasi zikaisha, akaingia ndani akafunga mlango wake. Abdi alipanda wa mwisho, upande wa Handeni. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Alijua bila kuangalia nyuma ya ubao ule kuna nani, kwa sababu sauti ya mama ilitoka hapo, na mbao alizozipiga randa mwenyewe zililia kidogo kwa mgongo ulioegemea.

Kazimiri mwenyewe aliendesha. Walivuka Ruvu taratibu, maji chini yamekuwa meusi, viboko wakipumua. Mkonge ukaanza kupita, mistari na mistari, na milingoti ya ule uliozeeka imesimama kama watu wanaongoja treni nyingine. Abdi hakuwa amelala vizuri siku nyingi. Magurudumu yalisema jambo moja tena na tena. Moshi ulikuwepo, kisha hakuuona tena. Treni ilikuwa inakwenda kimya. Mkonge ukawa bustani za matunda, na chini ya miti kulikuwa na singa nyeupe zinazodondoka kutoka mbinguni bila sauti. Mbele yake walikaa watu wa kofia za kahawia, kila mmoja nyuma ya gazeti. Alijua kwamba nyuma ya gazeti moja yuko mama mkwe wake, naye akawa anaomba asilishushe. Treni ikapita Gorojisi. Akaona mji wote umewashwa taa, na mlango mmoja uko wazi, na mtoto amesimama mlangoni. Treni haikusimama. Alitaka kumwita dereva, lakini hakujua jina lake.

Kitu kilimgonga mgongoni. Ko, ko, ko.

Alifumbua macho. Treni ilikuwa imesimama. Mpera ulikuwa pale, na harufu ya moshi wa jikoni. Watu walikuwa wanashuka upande huu na upande ule, na wale watakaoamka alfajiri walikuwa wanaambiana saa. Kichwa cha treni kilipuliza mvuke, tayari kurudi kambini na yeyote aliyebaki ndani.

Ko, ko, ko, juu ya ubao, kwa kifundo cha kidole. Mama mkwe hamgusi mkwe wake. Jina lake halitaji. Kwa miaka yote ya ndoa ile Mwaija hakuwa amemwambia Abdi hata neno moja ambalo halikupitia kwa Mashavu.

"Baba Chausiku," ilisema sauti nyuma ya ubao, kavu, kama inayozungumza na milima. "Mwezi umeandama. Teremka, daku haijipiki."

Abdi aligeuza shingo upande wa machweo. Ulikuwepo, mwembamba, juu ya mapaa ya Kwemsala.

"Nimesikia, mama," aliuambia ubao.

Alingoja mpaka miguu ya mama ikaenda mbali, ndipo akashuka.